MHITIMU WETU NA DENI LA HAKI
Mada kwa viongozi wa walei wa Masasi na Newala katika semina ya Haki na Amani



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu waliomaliza Chuo Kikuu, na wale wanaoendelea na masomo ya uzamili na uzamivu, na nafasi walizo nazo za kujiendeleza katika taaluma zao. Huenda baadhi yenu mnajiuliza: jambo hili linahusikaje na Tume ya Haki na Amani? Tumezoea kuisikia Tume ikizungumza juu ya migogoro ya ardhi, mirathi ya wajane, mizani ya korosho na wafungwa waliosahauliwa. Msomi, tunadhani, amekwisha kuokoka. Haki yake anaijua na kinywa anacho.

Napenda kuwaonyesha kwamba sivyo. Suala la msomi ni suala la haki kwa pande mbili. Kwanza, yeye mwenyewe anadai haki: haki ya kufanya kazi, ya kupata habari, ya kulipwa jasho lake, na ya kutobaguliwa kwa sababu ametoka mbali. Pili, yeye naye anadaiwa: anadaiwa na kijiji kilichouza korosho ili asome. Madeni haya mawili hayawezi kutenganishwa. Jumuiya isiyomtendea haki msomi wake haina uso wa kumdai, na msomi asiyelipa deni lake hudhoofisha madai ya wadogo zake wanaomfuata.

1. TULIKOTOKA

Tukumbuke kwanza kwamba kiu ya elimu kwetu si ya jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA aliwaleta watumwa walioachiwa huru kutoka Unguja na kuanzisha nao makao ya Masasi. Miongoni mwa watoto wa utumwa waliosomeshwa na misioni hiyo alikuwa Cecil Majaliwa, Myao, aliyesoma Kiungani huko Unguja, kisha akapelekwa Canterbury nchini Uingereza. Hakubaki huko. Alirudi, akatumwa Chitangali, upande wa Newala, na mwaka 1890 akapewa upadri. Huyu alikuwa mtu aliyeuzwa kama bidhaa, akasoma ng'ambo, akarudi kuwahudumia watu wa nchi hii katika lugha yao. Ndugu zetu Waanglikana wana haki ya kujivunia historia hiyo, nasi tuna haki ya kujifunza kwayo.

Ndanda nako Wabenediktini walijenga shule na hospitali. Katika shule za namna hiyo alipita kijana mmoja wa Lupaso, Wilaya ya Masasi, aliyezaliwa Novemba 1938: Benjamin William Mkapa. Kutoka Lupaso alikwenda Ndanda, Kigonsera, Pugu, halafu Makerere alikohitimu mwaka 1962, na baadaye akasoma Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Sote twajua kwamba alikuwa Rais wa nchi yetu tangu mwaka 1995 hadi 2005, na kwamba mwaka 2020 alirudishwa kuzikwa palepale Lupaso. Lakini tusiishie katika kumsifu. Tujiulize ni nini kilichomwezesha mtoto wa kijiji kama Lupaso kufika Columbia. Hakufika kwa akili yake peke yake. Palikuwa na mnyororo wa watu na taasisi: mwalimu aliyemwona, shule iliyompokea, ada iliyopatikana, na nchi changa iliyokuwa ikimngojea kwa hamu ili impe kazi. Kila pete ya mnyororo ule ilishika nyingine.

Leo shule ni nyingi kuliko wakati ule. Mtwara kuna Chuo cha Stella Maris, kilichoanzishwa mwaka 2009 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kufundisha mwaka 1994, kina kituo mkoani humo. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, limeondoa adha ya kungoja kivuko siku nzima. Vijana wetu wenye shahada si wachache tena. Hata hivyo mnyororo umekatika mahali fulani, na mahali penyewe ni hapa: kati ya siku ya kuvaa joho na siku ya kupata kazi inayolingana na elimu ile.

2. SHAHADA SI MWISHO WA SAFARI

Wazazi wengi tunaamini kwamba mtoto akishavaa joho mzigo umetuliwa. Ndiyo maana tunachinja mbuzi na kukodi muziki. Kumbe katika taaluma nyingi shahada ni mlango wa uani tu, na ukumbi uko mbele.

Aliyesoma sheria hawezi kusimama mahakamani kama wakili kwa shahada yake peke yake. Tangu mwaka 2008 anapaswa kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyoko Dar es Salaam, na huko anahitaji ada nyingine, chumba cha kupanga na chakula. Aliyesoma udaktari hana budi kufanya mwaka mzima wa utarajali katika hospitali chini ya usimamizi. Aliyesoma uhandisi anahitaji kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Tangu mwaka 2003 Bodi hiyo ina mpango wa miaka mitatu wa kuwalea wahandisi wahitimu kazini. Aliyesoma uhasibu anatazamiwa kufanya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa mwaka 1972. Anayetaka kufundisha Chuo Kikuu hana budi kuwa na shahada ya uzamili, kisha ya uzamivu, na kuandika makala ambazo wataalamu wenzake watazipima.

Nimezitaja hatua hizi makusudi, kwa maana kutozijua ndiko kunakowaangusha wengi. Mtoto wa mtu aliyesoma huzijua tangu akiwa mwaka wa kwanza, kwa sababu baba humweleza mezani wakati wa chakula. Mtoto wa mkulima wa Kitangari huzijua siku anapoulizwa cheti asichokuwa nacho. Hapo ndipo tofauti ya maskini na tajiri inaporudi kwa siri, hata baada ya wote wawili kukaa dawati moja na kupata alama zilezile.

Tufikirie binti mmoja wa kijiji chochote cha Newala, aliyemaliza shahada ya kilimo katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Amefaulu vizuri. Mwalimu wake amemshauri aombe nafasi ya uzamili. Ili aombe anahitaji barua mbili za wadhamini, andiko fupi la utafiti, nakala za vyeti zilizothibitishwa, na kompyuta yenye mtandao kwa siku kadhaa. Barua anaweza kuzipata, iwapo aliwahi kuzoeana na wahadhiri. Lakini yeye alilelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na kwa miaka yote alikaa kiti cha nyuma. Andiko hakufundishwa kuliandika. Anarudi nyumbani, simu yake inapata mtandao kwa kubahatisha, na tangazo la ufadhili analiona siku mbili baada ya mwisho wa kupokea maombi. Mwaka unapita. Mwaka wa pili majirani wanaanza kusema kwamba kusoma kwake kumekuwa kazi bure, na shangazi anauliza ataolewa lini. Mwaka wa tatu anauza vocha pale stendi.

Binti huyu si mvivu wala si mjinga. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu alitoka saa kumi na moja, akakuta watu wamesimama sokoni. Alipowauliza sababu ya kukaa bure mchana kutwa, walimjibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Tuangalie vizuri: mwenye shamba hakuwakaripia. Aliwapeleka shambani. Sisi mara nyingi tunawakaripia wahitimu wetu pale sokoni na kuwaacha palepale.

3. VIKWAZO AMBAVYO NI VYA HAKI

Wako watakaosema kwamba hayo ni maisha, na kila mtu ajitafutie. Naomba tutenge mambo manne ambayo si maisha tu, bali ni mambo ya haki.

La kwanza ni fedha na majira yake. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Imewafikisha Chuo Kikuu maelfu ya watoto wa maskini, na twapaswa kuishukuru nchi yetu kwa hilo. Lakini sehemu kubwa ya mikopo hiyo ni kwa shahada ya kwanza. Anayetaka uzamili hujitegemea, au hutegemea mwajiri au mfadhili. Na kwetu kujitegemea maana yake ni korosho. Sasa tazameni kalenda. Vyuo hufunguliwa Oktoba na Novemba. Minada ya korosho huanza majira yaleyale, na malipo hupita katika vyama vya msingi na vyama vikuu, MAMCU na TANECU, kabla ya kumfikia mkulima. Ada ya awamu ya kwanza hudaiwa wakati gunia bado liko ghalani. Msimu wa 2018/19, Serikali iliponunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya bei za minada kukataliwa, malipo ya wakulima wengi yalichelewa kwa miezi. Mwanafunzi aliyetegemea magunia ya baba yake hakuwa na la kumwambia mhasibu wa chuo.

La pili ni kazi isiyolipwa. Siku hizi kijana akiomba kazi huulizwa uzoefu. Ili aupate uzoefu huambiwa ajitolee. Kujitolea ni fadhila njema. Kanisa limejengwa juu yake. Lakini kumtumia mtu mwenye shahada kwa miaka miwili au mitatu, afundishe vipindi sawa na wenzake, asahihishe madaftari usiku, kisha apewe nauli na shukrani, hiyo si fadhila tena. Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa Taifa kuhusu mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa wahitimu, ukikusudia mafunzo hayo yawe na mpango, msimamizi na muda maalumu. Palipo na mpango, kijana anajifunza. Pasipo na mpango, kijana anatumiwa.

Na hapa, ndugu zangu, yatupasa tuanze na nyumba yetu wenyewe. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971, iliyozungumzia haki duniani, ilitukumbusha kwamba anayethubutu kuwahubiria wengine haki hana budi kuwa wa haki kwanza machoni pao. Tuna shule, zahanati, hospitali, ofisi za miradi. Je, vijana wanaojitolea humo wana barua inayosema watafanya nini, kwa muda gani, chini ya nani, na watapewa nini? Je, wakiondoka hupewa cheti kinachoeleza walichojifunza? Ensiklika ya Papa Yohane Paulo II juu ya kazi ya binadamu, ya mwaka 1981, iliuona kwa uchungu ukosefu wa kazi miongoni mwa vijana waliosoma, na ikasisitiza kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Neno hilo laanzia sakristia.

La tatu ni habari. Matangazo ya kazi ya Serikali hutolewa na Sekretarieti ya Ajira kwa njia ya mtandao. Nafasi za ufadhili nazo ni hivyohivyo: za Jumuiya ya Madola, za Chevening kutoka Uingereza, za DAAD kutoka Ujerumani, za Fulbright kutoka Marekani, na za serikali nyingine mbalimbali. Nafasi hizi hazina mlango wa siri. Kila mwaka hutangazwa hadharani, na maombi hufungwa tarehe maalumu. Lakini tangazo la hadharani lisilofika Nanguruwe wala Mkunya si la hadharani kwa mtu wa Nanguruwe na Mkunya. Anayekosa kwa kushindwa amekosa. Anayekosa kwa kutojua amenyimwa.

La nne ni wanawake. Binti akiomba kusoma uzamili, wazee huuliza kama hajachoka kusoma. Kaka yake akiomba jambo hilohilo, huitiwa kikao cha ukoo. Tunatoa fedha nyingi kwa ngoma za unyago za mabinti, wala sisemi mila hiyo iachwe, kwa kuwa ndani yake kuna malezi na heshima. Nasema tu kwamba ukoo unaoweza kuchanga kwa siku tatu za sherehe unaweza pia kuchanga kwa muhula mmoja wa masomo.

4. UTAFITI UNAOFANYWA KWETU

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao viongozi wengi hawauzingatii. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu huja kwetu pia. Huja na barua kutoka vyuo vyao, wakapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, Mtendaji wa Kata na Mtendaji wa Kijiji. Huuliza juu ya korosho, maji, lishe, jando na unyago, afya ya mama na mtoto. Huandika, hushukuru, huondoka. Baada ya mwaka mmoja wanavikwa joho jekundu. Kijiji hakisikii neno.

Jambo hili ni la zamani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, Ujerumani, alipita Masasi, Newala na Mahuta. Alikusanya vinyago, vyombo na zana, akapiga picha, akanasa nyimbo za wazee wetu kwa chombo cha nta. Mkusanyo ule ulikwenda Leipzig, ukamjengea jina. Vitukuu wa wale walioimba wakitaka kuyaona mambo ya babu zao, leo hii wanahitaji pasipoti.

Lakini utafiti si adui yetu. Ukitendwa kwa haki huokoa maisha. Wazee mnakumbuka: msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna takriban tani 145,000 za korosho; kufikia msimu wa 1986/87 zilibaki kama tani 16,500. Sababu zilikuwa kadhaa: bei mbaya, watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, na ugonjwa wa ubwiriunga ulioyakausha maua. Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na Mtwara mjini, walikaa na ugonjwa huo miaka mingi, wakafundisha matumizi ya salfa, wakazalisha mbegu bora. Baadhi yao kazi hiyohiyo ndiyo iliyowapatia shahada zao za juu. Hapo msomi alipanda cheo na mkulima akavuna. Huo ndio mfano wa kuuiga: maendeleo ya mtaalamu na maendeleo ya mwananchi yakitoka katika shamba moja.

Kwa hiyo napendekeza kila kiongozi wa kijiji na wa jumuiya amwulize mtafiti maswali manne kwa upole: Unatafuta nini, na kwa nini umetuchagua sisi? Je, mtu anaruhusiwa kukataa kujibu? Majina na siri zetu utazitunzaje? Na matokeo utaturudishia lini, kwa lugha gani? Mwanafunzi mwema atafurahi kuulizwa, kwa sababu chuo chake humtaka awe na majibu. Tena tumwombe jambo la tano: amchukue kijana mmoja wa hapa, mwenye shahada na asiye na kazi, awe msaidizi wake wa utafiti, amlipe, na amfundishe. Kijana huyo atajifunza kuandaa dodoso, kuhoji, na kuchambua majibu. Wasomi wengi walianzia hapo.

5. DENI LA MSOMI

Sasa nigeukie upande wa pili wa mizani, na hapa nasema na ninyi vijana mliosoma.

Mwalimu Nyerere alipenda kumfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa, aliyepewa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asiporudi, amewasaliti waliolala njaa kwa ajili yake. Si kwamba taifa limekubaliana daima juu ya namna ya kulilipa deni hilo. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Mwalimu naye akapunguza mshahara wake mwenyewe. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Mengine yalifaulu, mengine yaliachwa. Lakini swali lenyewe halikuachwa: uliyepewa, utarudisha nini?

Kulipa deni hakumaanishi lazima kukaa kijijini. Anayefanya utafiti wa maradhi ya watoto Muhimbili analipa. Anayetetea wanyonge mahakamani Arusha analipa. Lakini tuwakumbuke pia waliochagua kuja pembezoni. Daktari Leader Stirling, Mwingereza, alikuja Lulindi, Masasi, mwaka 1935. Alifanya upasuaji katika nyumba za miti na nyasi na kuwafundisha wauguzi wa hapa, kisha akaendelea Mnero; mwaka 1975 Mwalimu alimteua kuwa Waziri wa Afya. Kufanya kazi porini hakukumdumaza kitaaluma, kulimkomaza. Taasisi ya Benjamin Mkapa nayo, iliyozinduliwa mwaka 2006, ilianza kwa kuwapeleka wataalamu wa afya katika wilaya za mbali. Msidharau nafasi ya Nanyumbu kwa kuingojea ya Dar es Salaam.

Kuna deni jingine la wazi kabisa: mkopo wa Bodi. Tangu mwaka 2016 mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake, na mwaka 2021 Serikali iliondoa ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiuongeza mkopo kila mwaka. Aliyepata kazi na kujificha asilipe, anamfungia mlango mdogo wake aliye kidato cha sita pale Chidya au Ndanda. Hili ni jambo la kuungama.

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Rudini, hata kama ni kwa wiki mbili za likizo. Njooni mkae na kidato cha sita jioni moja, muwaeleze hatua ambazo ninyi hamkuelezwa.

6. TUFANYE NINI?

Tume haipendi kuagana kwa maneno matupu. Napendekeza mambo sita ambayo parokia yoyote yaweza kuyaanza bila kungoja mfadhili.

(a) Daftari la wahitimu. Kila jumuiya ndogo ndogo iandike majina ya vijana wake walio vyuoni na waliomaliza, wamesoma nini na wako wapi, kwa ridhaa yao wenyewe. Hatuwezi kumsaidia mtu tusiyejua kwamba yupo.

(b) Ubao wa habari. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri ateuliwe kila mwezi kutafuta matangazo ya kazi na ufadhili, ayaandike kwa Kiswahili pamoja na tarehe za mwisho, ayabandike kanisani na kuyatangaza baada ya Misa. Na yasibaguliwe kwa dini: ndugu zetu Waislamu na Waanglikana nao wana watoto.

(c) Walezi wa kitaaluma. Wanataaluma wetu, walio hapa na walio mijini, kila mmoja apewe vijana wawili wa kuwasomea maandiko yao, kuwaandaa kwa usaili na kuwatambulisha kwa wenzake.

(d) Mfuko wa muhula. Wakati wa mnada, familia zenye nia ziweke kiasi kidogo kwa kila gunia katika chama cha akiba na mikopo. Kijana akikwama ada akopeshwe kwa mkataba ulio wazi, arudishe akipata. Hesabu zisomwe hadharani kila mwaka, maana mfuko usiosomwa hesabu hufa kwa uvumi kabla ya kufa kwa wizi.

(e) Mkataba wa kujitolea. Taasisi zote zilizo chini yetu ziandikiane na vijana wanaojitolea: kazi, muda, msimamizi, posho, cheti. Tume iombe kuiona mikataba hiyo mara moja kwa mwaka.

(f) Siku ya kurudisha utafiti. Mara moja kwa mwaka, wanafunzi wote waliofanya utafiti katika eneo letu waalikwe kueleza walichokiona, kwa Kiswahili, mbele ya waliowahoji. Mwanafunzi atajifunza kusema na watu, na watu watajifunza kumsahihisha.

7. HITIMISHO

Ndugu zangu, wenyeji wa Newala mwajua taabu ya maji juu ya uwanda huu. Kabla ya mabomba, akina mama waliteremka genge usiku, wakapanda na ndoo alfajiri. Mradi wa maji wa Makonde ulipoanza katika miaka ya 1950, haukuumba maji mapya. Maji yalikuwako bondeni siku zote. Kilichokosekana ni nguvu ya kuyapandisha. Akili za watoto wetu nazo ziko, na nafasi za kuziendeleza ziko. Kilichokosekana ni bomba linaloviunganisha, na bomba hilo ni sisi: mzazi, mwalimu, katekista, mhitimu aliyetangulia, chama cha msingi na parokia.

Bwana wetu hatatuuliza tulikuwa na shahada ngapi. Katika mfano wa talanta, aliyehukumiwa ni yule aliyeifukia ardhini. Tuwe na hofu hiyo: kwamba siku moja tutaulizwa juu ya talanta ambazo hazikuwa zetu, bali za watoto wetu, nasi tulizifukia kwa kutojali.

 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Je, twawajua wahitimu wa Chuo Kikuu waliomo katika jumuiya yetu? Wanafanya nini sasa, na tunawasemaje?

2. Kuna kijana gani kati yetu anayejitolea mahali bila mkataba? Nani ataongea na mwajiri wake, na lini?

3. Mara ya mwisho mtafiti alipokuja kijijini kwetu aliuliza nini? Je, alirudisha majibu?

4. Kati ya mapendekezo sita yaliyotolewa, ni lipi tunaloweza kulianza kabla ya mnada wa kwanza wa msimu ujao?